Mkopo wa halmashauri kwa kompyuta ya duka

Dada, umeuliza kama serikali inaweza kukusaidia kupata kompyuta ya kutunzia hesabu za duka lako la vitenge hapo Morogoro. Ya bure, sahau. Ila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ukienda peke yako utarudishwa. Wanawake hukopeshwa kwa kikundi kilichosajiliwa, chenye akaunti ya benki. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kwenye andiko la mradi msiishie "tunataka kompyuta". Onyesheni mzigo unaopotea kwa kutegemea daftari, na mauzo yatakayolipa marejesho. Mimi lakini ningeanza na simujanja tu.