Kabla ya Kupima Jani la Mkonge

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya vipimo katika mashamba ya mkonge hapa Tanga, mliyofundishwa shuleni kuhusu usanisinuru ni sahihi: umbijani, ile rangi ya kijani ya majani, hunasa nuru ya jua, nguvu hiyo hupasua maji yaliyopanda kutoka mizizini, oksijeni hutoka, na kabonidayoksaidi iliyoingia kupitia stomata, yaani vitundu vidogo vya jani, hugeuzwa sukari. Ila mfano wa darasani aghalabu ulikuwa mharage, na mkonge haufuati saa za mharage.

Mwezi wangu wa kwanza nilikwenda shambani saa sita mchana, jua likiwa la utosi, nikabana kifaa cha kupimia gesi kwenye jani na kusubiri. Kipimo hakikusogea. Nilibadilisha betri, nikahamia mche mwingine, kisha nikaandika daftarini kwamba kifaa ni kibovu, na kwa siku tatu nikamlaumu aliyekitumia kabla yangu. Kifaa kilikuwa kizima. Stomata ndizo zilizokuwa zimefungwa.

Asili ya mkonge ni Meksiko. Miche 62 iliyonusurika safari kutoka Florida mwaka 1893, iliyoagizwa na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, ilipandwa Kikogwe karibu na Pangani, na tabia yake ya ukame ikaja nayo. Kwa mmea kama huo, kufungua stomata wakati wa joto kali ni kumwaga maji, kwa hiyo huzifungua usiku, ukavuta kabonidayoksaidi na kuiweka akiba ndani ya seli ikiwa asidi ya maliki. Kunapokucha huzifunga; asidi huvunjwa taratibu, na gesi inayoachiwa humo humo ndani ya jani hutengenezwa sukari kwa nguvu ya jua. Msiandike basi kwamba mkonge hufanya usanisinuru usiku, kosa ambalo hunikera kila ninapolikuta kwenye ripoti: usiku hukusanywa malighafi tu.

Anayetilia shaka akate kipande cha jani alfajiri na kingine cha jani lilelile jua linapokaribia kuzama, akamue, kisha apime utomvu kwa karatasi za kupimia asidi. Wa alfajiri utakuwa na asidi zaidi. Avae glavu, kwa sababu utomvu huo huwasha.

Vipimo vya gesi vianze magharibi hadi asubuhi, kila kimoja kikiandikiwa saa yake. Tochi msiisahau, maana mwiba wa ncha ya jani hauonekani gizani.