Maswali na Majibu: Mercy Brown, binti aliyetolewa jenezani kwa kudhaniwa vampaya

Wiki hii karibu maswali yote yameangukia kisa kimoja: cha Mercy Brown, binti wa miaka 19 wa Exeter, jimbo la Rhode Island nchini Marekani, ambaye mwaka 1892 maiti yake ilitolewa jenezani na moyo wake ukachomwa moto, watu wakidai anawanyonya damu ndugu zake kama vampaya, yaani mfu anayenyonya damu ya walio hai. Nimechagua machache.

Huyu Mercy alikuwepo kweli, au ni hadithi za kutishia watoto? (Msomaji, Dodoma)

Alikuwepo. Baba yake, George Brown, alikuwa mkulima. Desemba 1883 alifiwa na mkewe, Mary Eliza, kwa kifua kikuu. Mwaka uliofuata akamzika binti yake mkubwa, Mary Olive, fundi wa kushona nguo, miaka 20 tu. Miaka ikapita, kisha kijana wake Edwin akaanza kukohoa na kukonda, akapelekwa Colorado kutafuta hewa kavu ya milimani. Edwin akiwa huko, Mercy naye akashikwa, na kwake ugonjwa ulikwenda mbio. Januari 1892 akafariki. Edwin akarudi nyumbani hoi.

Baba mzazi alikubalije mwanawe afanyiwe vile? (Mama wa watoto watatu, Morogoro)

Mama, swali lako limenikaa moyoni kuliko yote.

Shinikizo lilitoka kwa majirani. Vijijini kule kulikuwa na imani kwamba familia ikipukutika mmoja mmoja, basi kati ya waliotangulia yupo ambaye moyo wake bado una damu mbichi, na damu hiyo anaivuta kwa walio hai. Dawa ni kumfukua, kuuchoma ule moyo, na mgonjwa anywe majivu yake. George mwenyewe hakuamini. Lakini walimbana, na ndani ya nyumba Edwin alikuwa anakwisha mbele ya macho yake. Mimi simlaumu. Mtu aliyezika mke na mabinti wawili, akaambiwa kuna jambo moja bado halijajaribiwa, atakataa kwa ujasiri gani?

Tarehe 17 Machi 1892 watu wakaenda makaburini pamoja na daktari, Harold Metcalf. George hakwenda. Mama na dada mkubwa walikutwa wamebaki mifupa. Mercy hakuwa amefukiwa bado, kwa sababu majira ya baridi ardhi ya kule huganda na jembe haliingii. Jeneza lake lilikuwa limewekwa kwenye kijumba cha mawe kungojea udongo ulainike. Wakalifungua. Daktari akatoa moyo na ini. Moyo ulipokatwa, ndani kukaonekana damu.

Metcalf aliwaeleza kwamba hilo ni jambo la kawaida, na kwamba mapafu ya binti yalikuwa na alama za kifua kikuu. Hawakumsikiliza. Waliwasha moto juu ya jiwe palepale makaburini, wakachoma moyo na ini, na majivu yakakorogwa Edwin akayanywa. Tarehe 2 Mei 1892 Edwin akafariki.

Lakini ile damu ilitoka wapi, kama si uchawi? (Msomaji, Kisumu)

Mercy alikuwa na miezi 2 tu tangu afe, na miezi yenyewe ni ya baridi kali, ndani ya kijumba cha mawe. Ni kama kuweka nyama kwenye friji. Mama na dada walikuwa na miaka 8 ardhini. Waliwalinganisha watu watatu ambao hawakustahili kulinganishwa.

Halafu fikiria ugonjwa wenyewe unavyoonekana kwa asiyeujua. Mgonjwa anakonda, anapauka, usiku anatokwa jasho, asubuhi anakohoa na mdomoni kuna damu. Akifa, anafuata aliyekuwa akimuuguza. Ukiambiwa kuna kitu kinamnyonya, utaona kama umeelezwa vizuri kabisa. Kumbe ni hewa ya chumba kimoja, madirisha yamefungwa kwa baridi, watu wanalala pamoja. Daktari Mjerumani Robert Koch alikuwa ametangaza kugundua kimelea cha kifua kikuu mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, yaani miaka 10 kasoro siku 7 kabla ya Mercy kufunguliwa jeneza. Habari ilikuwepo, ila dawa ya kukiua haikuwepo. Streptomaisini ilikuja miaka ya 1940. Hilo huwa linaniuma: hata daktari aliyesema kweli hakuwa na cha kumpa Edwin.

Dracula je, ndiye alitokana na Mercy? (Msomaji, Nairobi)

Hapana. Jina Dracula ni la Vlad wa Tatu, mtawala wa Wallachia katika Romania ya leo, karne ya 15, aliyejulikana kwa kuwachomeka adui zake kwenye miti iliyochongwa wakiwa hai. Mwandishi Bram Stoker aliliazima kwa vampaya wa riwaya yake ya mwaka 1897, Dracula. Ila katika karatasi zake za maandalizi kulikutwa kipande cha gazeti la New York la mwaka 1896 kuhusu vampaya wa Rhode Island na majimbo jirani.

Kuna tofauti gani na mumiani wetu? (Msomaji, Tanga)

Kubwa. Mumiani ni mtu hai, mwenye kazi na mshahara. Enzi za ukoloni watu wa Nairobi, Kampala na kwingineko waliwanyooshea kidole hata wazimamoto na magari yao. Anatoka nje, ni mgeni. Wa Exeter ni damu yako mwenyewe, dada uliyemlilia juzi. Na imani yao haikudai kwamba ametoka kaburini akatembea. Neno "vampaya" lenyewe waliletewa na magazeti.

Mdogo wangu ana TB na jirani anasema karogwa. Nimjibu nini? (Msomaji, Mbeya)

Usipoteze muda kumjibu. Mpeleke mdogo wako hospitali ya serikali, dawa ni bure, na kwa kawaida ni miezi 6 bila kukatisha hata akijisikia nafuu. Wote mnaoishi naye mkapimwe, na madirisha yawe wazi.

Kaburi lake lipo hadi leo? (Msomaji, Zanzibar)

Lipo, nyuma ya kanisa la Wabaptisti la Chestnut Hill, karibu na wazazi wake na Edwin. Jiwe lake limefungwa kwa pingu ya chuma kwa sababu liliwahi kuibwa. Wageni huacha vitu juu yake: sarafu, maua, meno ya vampaya ya plastiki. Wengine humwachia peremende za kikohozi.