Anza na majina, mchoro utafuata

Ukikabidhiwa kazi ya kusanifu bustani ya kumbukumbu ya maafa, mkono utakuwasha kuchora: bwawa, ukuta, mti mmoja katikati. Subiri kwanza. Omba orodha ya majina na uulize nani ameithibitisha. Orodha ya polisi, ya hospitali na ya wafiwa si lazima zilingane, na herufi moja ikikosewa kwenye jiwe, hakuna mzazi atakayesifia bwawa lako.

Kisha fikiria mpangilio. Alfabeti hurahisisha kutafuta, lakini huwatenga mume na mke wasiotumia jina moja la ukoo, na marafiki waliofia chumba kimoja. Kwenye ukumbusho wa Septemba 11 jijini New York, uliofunguliwa 2011, majina 2,983 yamepangwa kuzunguka mabwawa mawili, mengi yakifuata mahali watu walipokuwa siku ile. Juu ya hapo, familia ziliulizwa jina la mpendwa wao likae kando ya lipi. Yalikuja maombi zaidi ya 1,200. Mgeni apitaye haoni kitu. Ndugu huona mara moja. Halafu tazama herufi zenyewe: zimekatwa zikapenya bamba la shaba, hivyo shina la waridi huingia ndani ya jina na ua likasimama. Mimi naona hilo limezidi maporomoko yote ya maji pale.

Oklahoma City wametumia viti 168 katika safu 9, kila safu ghorofa moja ya jengo lililolipuliwa 1995. Viti 19 ni vidogo, vya watoto. Hapo kibao cha maelezo cha nini?

Wafiwa wasilazimishwe. Kisiwani Utøya, Norwei, pete ya chuma inaning'inia kati ya miti ikiwa na majina ya waliopigwa risasi kwenye kambi ya vijana 2011, lakini baadhi ya familia hazikuwa tayari, na nafasi zao zikaachwa wazi. Acha nafasi kama hiyo tangu mchoro wa kwanza. Na majirani? Ng'ambo ya kisiwa hicho, mpango wa msanii Jonas Dahlberg wa kuikata rasi ulishinda shindano la ukumbusho, kisha serikali ikauacha 2017 baada ya wakazi kuupinga mahakamani. Wakazi wa ufuo ule ndio waliotoka na boti kuokoa vijana. Wangetazama kovu hilo kila asubuhi. Waite mezani kabla ya shindano, si baada ya mshindi kutangazwa.

Mengine ni kazi ya kawaida: mteremko unaopitika kwa kiti cha magurudumu, mifereji, benchi zenye egemeo kwa sababu wazee hukaa muda mrefu. Mti upime kwa ukubwa wake wa miaka 30 ijayo.

Maji ndiyo husumbua. Pampu ikifa, bwawa kavu lenye takataka huwaumiza wafiwa kuliko uwanja mtupu. Uliza nani atalipia umeme na fundi, na jibu liwe la maandishi. Likikosekana, futa bwawa, panda nyasi.