Maswali ya Wasomaji: Spika za Marehemu Mjomba

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, assalamu alaykum. Marehemu mjomba wangu ameniachia jozi ya spika za sanduku, kila moja ikiwa na wufa (spika ya sauti nzito) ya inchi 8 na twita (ya sauti nyembamba), ambazo alisikilizia taarabu kwa zaidi ya miaka ishirini nyumbani kwetu Mkomani. Sasa zinakwaruza, na nilipovua kitambaa cha mbele nilikuta sponji inayozunguka koni imekuwa kama unga wa kunata. Fundi mmoja amenishauri nizitupe. Seremala naye yuko tayari kunitengenezea masanduku mapya ya mvule, kwa kuwa haya yamefura kwa unyevu. Nianzie wapi? Msomaji, Lamu.

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yetu. Tafadhali usizitupe. Sponji ya aina hiyo huvunjwa na unyevu na joto hata kama spika haipigwi, na katika hewa ya pwani yetu hilo halina ajabu. Koni, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) na sumaku huenda bado ni nzima. Zima amplifaya, fungua wufa, uipime kwa multimita, kifaa cha kupimia umeme: wufa ya omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme) aghalabu husoma kati ya 5.5 na 7. Kisha isukume koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Ikienda na kurudi bila kukwaruza, koili haijaungua wala kupinda.

Ikiwa ni hivyo, nunua ukingo mpya wa sponji wenye vipimo na umbo lile lile la zamani. Najua utavutiwa na wa mpira, ambao hustahimili unyevu zaidi, lakini mpira ni mzito, nao hubadilisha mwendo wa koni ambayo sanduku lake lilipimiwa sponji. Kwangu mimi, afadhali kubadilisha sponji tena baada ya miaka mingi kuliko kuipoteza besi aliyoizoea mjomba wako. Futa gundi ya zamani yote kwa subira, gundisha ukingo kwenye koni kwanza, na kabla gundi ya nje haijakauka hakikisha koili imekaa katikati ya nafasi yake ndani ya sumaku, kwa maana ikiegemea upande mmoja hata kidogo, mkwaruzo utarudi na kazi yote itakuwa bure.

Ukiwa umefungua, tazama pia kapasita, kifaa kidogo cha umeme kinacholinda twita. Zile za majimaji hukauka kwa umri na sauti nyembamba ikafifia. Weka ya plastiki yenye mikrofaradi (kipimo cha kapasita) zile zile.

Sasa masanduku. Mvule ni mbao ya heshima kwa mlango, lakini mbao nzima hupanuka na kusinyaa kufuatana na hewa, na viungo huachia. Ubao wa unga wa mbao uliogandishwa, ambao bila shaka ndio uliofura, usiurudie. Waulize mafundi wa majahazi wa Matondoni kuhusu plaiwudi ya baharini ya milimita 18, pamoja na skrubu za chuma kisichoshika kutu. Jambo la kushika ni kwamba ukubwa wa ndani hauchaguliwi kwa macho: tangu mhandisi Neville Thiele alipochapisha hesabu zake nchini Australia mwaka 1961, na mhandisi mwenzake Richard Small akaziendeleza katika miaka ya 1970, inajulikana kuwa wufa ndiyo inayoamua lita za sanduku lake. Kwa hiyo pima ndani ya sanduku la zamani. Likiwa sentimita 25 kwa 28 kwa 50, hizo ni lita 35, na kwa plaiwudi hiyo vipimo vya nje viwe 28.6 kwa 31.6 kwa 53.6. Kama lina bomba la hewa, lihamishe lilivyo bila kulikata.

Na nyumba yenyewe usiisahau. Vyumba vyetu vya kale ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazivuki mbali. Chumba chenye upana wa mita 2.8 huivimbisha besi karibu na hezi 61 (mitikisiko 61 kwa sekunde), hasa ukikaa ukiegemea ukuta. Sogeza spika na kiti mbali na kuta za mawe, tandika zulia, na usizipachike spika ndani ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, japo zinapendeza humo.

SWALI: Naweza kuongeza sauti kwa kuweka twita ya wati nyingi zaidi? Msomaji, Malindi.

JIBU: Hapana. Wati huonyesha kiasi ambacho twita inastahimili, si ukubwa wa sauti yake. Tazama desibeli zake (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati 1 katika umbali wa mita 1. Wufa yako ikiwa na 88 na twita mpya 92, uimbaji utachoma masikio mpaka uipunguze twita kwa rizista, kifaa cha kupunguza umeme.