Fuata Mgongo wa Rangi ya Machungwa

Kama unatamani kusoma riwaya za Kiafrika na hujui uanzie wapi, fuata rangi. Ukifika kwa wauza vitabu vya mitumba wanaotandika kando ya barabara pale katikati ya Nairobi, pita vitabu vya uhasibu, pita riwaya nene za mapenzi, tafuta mgongo wa rangi ya machungwa. Mimi waandishi wengi ninaowapenda nimewapata hivyo, na baadhi yao sikuwa nimewahi hata kuwasikia.

Rangi hiyo ni ya African Writers Series, mfululizo ulioanzishwa na kampuni ya Heinemann ya London mwaka 1962. Things Fall Apart, riwaya ya Chinua Achebe wa Nigeria, kilikuwa kimetoka mwaka 1958 kwa jalada gumu, bei ambayo wasomaji wengi wa huku kwetu wasingeimudu. Mfululizo ukakitoa kwa jalada laini na bei nafuu, kikapewa namba 1, na Achebe mwenyewe akawa mhariri mshauri kwa miaka kumi bila kulipwa. Riwaya zilivishwa rangi ya machungwa; vitabu visivyo vya kubuni, kama simulizi ya maisha ya Kenneth Kaunda, vikapewa buluu. Kwa hiyo ukiona machungwa unajua kabisa umeshika hadithi, na kwamba kuna mtu makini aliyeisoma kabla yako akaona inafaa.

Usijitese kusoma kwa kufuata namba. Anza na God's Bits of Wood cha Sembène Ousmane wa Senegal, kuhusu mgomo wa wafanyakazi wa reli ya Dakar–Niger wa 1947 na 1948. Mgomo ni wa wanaume, lakini wanaoubeba mgongoni ni wanawake. Kuna Ramatoulaye, mama mwenye nyumba iliyojaa watoto wenye njaa. Kondoo dume wa kaka yake tajiri anaingia jikoni na kula mchele uliobaki. Ramatoulaye anamchinja. Polisi wanakuja kuidai nyama, naye hatoi. Nikifika hapo huwa nasoma kwa sauti, hata nikiwa peke yangu.

Anayesoma Kiswahili kwa raha zaidi asikae pembeni: Things Fall Apart cha Achebe kipo kama Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute ya mwaka 1973. Haipatikani kirahisi, lakini muulize muuzaji, mwachie namba yako ya simu. Wauzaji hawa wanajuana, na akikipata mwenzake utapigiwa.

Kabla ya kupatana bei, kifungue kitabu katikati taratibu. Gundi ya zamani hukauka, na ukikikunja kwa nguvu kurasa zinakutoka mkononi. Kisha angalia kurasa za mwisho. Vingi vya vitabu hivi vilisomwa shuleni, vikapita mikono mingi, na ukurasa wa mwisho ndio huchanika kwanza. Muhuri wa shule na maelezo ya penseli pembeni visikukimbize; mimi huyapenda hayo maelezo. Nyumbani usikiweke dirishani, maana jua hula rangi ya machungwa hadi ikawa kama majani makavu, na hapo hutakitofautisha tena na vingine.

Ila usiishie kwenye rangi. Miaka ya baadaye majalada yalibadilika, na ukishikilia machungwa tu utamkosa Mariama Bâ. So Long a Letter ni kitabu chembamba, barua ya mjane wa Dakar aliye kwenye eda akimwandikia shoga yake juu ya mume aliyeoa mke wa pili, rika la binti yao. Mwaka 1980 kilipata Tuzo ya Noma, ya vitabu vilivyochapishwa Afrika, ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Hiki kinunue kikiwa na jalada lolote.