Yuffie hatokei kwenye Final Fantasy VII ya Switch na PS4

Kama unamtafuta Yuffie, mhusika wa siri anayeweza kujiunga na kikosi chako, kabla hujaendelea kuzunguka msituni, hakikisha hujazima mapambano ya ghafla. Ukibonyeza vijiti vyote viwili vya kidhibiti (controller) kwa pamoja, mapambano hayo yanazimwa, na Yuffie naye anakuja kama pambano la ghafla. Yakiwa yamezimwa hatokei hata ukeshe humo. Bonyeza tena vyote viwili uyarudishe, kisha tembea ndani ya misitu ya kwenye ramani ya dunia, ukishavuka mgodi wa Mythril.

Ukimshinda, hapo ndipo wengi wanampoteza. Usifungue menyu wala usiguse ile alama ya kuhifadhi iliyo pembeni yake, anatoroka papo hapo. Zungumza naye moja kwa moja: kataa kupigana tena, kubali kwamba anakutisha, akitaka kuondoka mwambie asubiri, kubali kwamba unamhitaji, halafu himiza safari iendelee. Jibu moja likikosewa, anakwenda zake.

Kijiti cha kushoto peke yake kinaongeza kasi mara 3, kitumie bila wasiwasi. Cha kulia kinajaza HP (uhai), MP (nguvu za uchawi) na Limit (kipimo cha pigo maalum) vitani, lakini pigo moja linalozidi HP yako yote bado linaua. Kuzima mapambano muda mrefu ndiko kunakoumiza zaidi: hupati EXP (pointi za uzoefu) wala AP (pointi za kukuza Materia), Materia, yaani vito vya uchawi, hazikui, na bosi anakukuta bado una Cure, uchawi wa kuponya, ya ngazi ya kwanza. Yazime tu pale unapotafuta njia au masanduku.