Ukitaka kiti CSM, usiombe kura namba moja

Kama unacheza EVE Online, ule mchezo wa kompyuta wa meli za angani, na umeanza kuwaza kusimama CSM, lile baraza la wachezaji wanaochaguliwa kuongea na kampuni inayotengeneza mchezo, kitu cha kwanza nakuambia ni hiki: usihangaike kutafuta watu wa kukuweka namba moja. Tafuta watu wa kukuweka namba tatu, namba tano, ata namba nane. Mimi nilisimama nikiwa hapa hapa Nakuru, kiti sikupata, lakini nilikuwa bado niko kwenye hesabu wakati watu wenye majina makubwa kuliko mimi walikuwa washatolewa, na kilichonibakisha ni hicho tu.

Wacha nieleze venye hesabu inaenda juu hapa ndo wengi hupotea. Tangu 2013 kura za CSM huhesabiwa kwa mtindo wa kuhamisha kura. Mpiga kura hachagui mtu mmoja, anapanga orodha ya majina hadi 10, wa kwanza ndo anampenda zaidi, alafu wanafuatana. Tuseme kura zimefika 33,000 na viti ni 10, hapo mwenye kura 3,001 ameshaingia, juu watu 11 hawawezi kufikisha hizo. Akipata zaidi ya hizo, ile ziada haitupwi, inashuka kwa jina linalofuata kwenye orodha za watu wake. Na yule wa mwisho kabisa akitolewa, kura zake zote zinahamia kwa waliofuata kwenye karatasi zake. Inarudiwa hivyo hivyo mpaka viti vijae. Kwa hivyo mtu wa kura chache za kwanza lakini yuko kwenye orodha za watu wengi anazidi kunenepa kila raundi, na yule wa mashabiki wake pekee yake anakwama palepale alipoanzia.

Sisi huku tumezoea uchaguzi wa MCA, mwenye nyingi anabeba na wa pili anaenda nyumbani kupanga kesi, ndo maana Mkenya akisimama CSM anaanza kupiga kampeni ya kumaliza wapinzani. Wacha hiyo kabisa. Mpinzani wako akitolewa kura zake zinaenda mahali, na mahali penyewe inaweza kuwa kwako kama mliongea vizuri. Mimi watu watatu tuliokuwa tunagombania wapiga kura walewale tulikubaliana wazi wazi, kila mmoja akiambia watu wake weka mimi kwanza alafu hawa wengine wawili, na hakuna mtu alipoteza chochote kwa kufanya hivyo.

Kile kitu tunaita suti, kupigia chama chako kura juu mpaka chini, huko nacho kiko na ni kikali kuliko hapa kwetu. Alayansi kubwa kama Goonswarm, yaani muungano wa vikundi vingi vya wachezaji, hutoa orodha yao, wanachama wananakili jina kwa jina, wanatuma, wamemaliza. Watu hulalamika eti ni wizi. Si wizi, wale watu wamejipanga na wanapiga kura, sisi wengine tunalala. Na kitu kimoja watu hawaangalii ni kwamba juu ya hiyo orodha kuna watu wao, lakini huku chini huwa wanaweka marafiki, ama mtu wanaona ana akili na hatawasumbua. Hizo nafasi za chini ndo zako, na unazipata kwa kubisha hodi kwa heshima miezi mingi kabla, sio wiki ya kura.

Nakumbuka nikiongea na kiongozi wa korporesheni moja ya Australia, yaani kikundi cha wachezaji, si kubwa sana, lakini watu wake wanapiga kura kwelikweli. Nikajieleza, akanisikiliza, akaniambia namba moja mpaka nne zishaenda, pole. Nikamuuliza, na namba saba? Akanyamaza kidogo. Alafu akaniuliza swali ambalo hakuwa ameniuliza tangu tuanze, kwani wewe unataka nini huko ndani? Nikamwambia mambo mawili, la wachezaji wapya na la saa. Hilo la saa ndo lilimkamata. Sava ya EVE hufungwa kila siku saa tano asubuhi kwa saa za UTC, kwetu hiyo ni saa nane mchana, wengi tuko kazini ata hatujui. Kwake ni saa tatu usiku, watu wamekula, fliti, kile kikosi cha meli, imejaa, vita inakaribia kuanza alafu kila mtu anatupwa nje. Akaongea juu ya hilo kama nusu saa na mimi nikaandika kila kitu. Mwishowe alinipa namba tano.

Na usiende kwa mtu na manifesto ya kurasa nane. Nenda na jambo moja unalolijua mpaka mifupa, na ukikaa chini wacha aongee yeye. Wagombea wengi wanaandika mimi ni sauti ya kila mchezaji, na mpiga kura mwenye akili anajua mtu kama huyo hana sauti ya mtu yeyote. EVE ni kubwa, kuna wachimba madini, wafanyabiashara wa Jita kwenye soko kubwa, watu wa womuholi, yale mashimo ya angani, watu wa nalseki, kule anga haina askari, maharamia, huwezi kuwajua wote. Chagua pale unapoishi.

Mimi niliishi kwa wachezaji wapya. Tangu Novemba 2016 mtu anaweza kucheza bila kulipa, akaunti ya Alpha, na huku kwetu hao ndo wengi, kijana anafungua laptop ya kuazima, anaanza, anapigwa meli yake Uedama, pale watu huviziwa njiani, akiwa amebeba kila kitu anachomiliki, anafunga laptop na harudi tena. Hilo linaniuma mpaka leo na ndo lilinifanya nisimame. Lakini sikia vizuri, mtu wa Alpha hana kura. Kura ni ya Omega, yule anayelipa kwa pesa ama kwa PLEX, kile kitu cha ndani ya mchezo cha kulipia muda. Kwa hivyo ukisimamia watu wasio na kura lazima utafute wenye kura ambao jambo hilo linawaumiza pia, na wako, ni wale viongozi wa korporesheni za kufundisha wageni, wanaopoteza watu kila wiki na wamechoka. Nenda kwao. Hao ndo waliokuwa mgongo wa kampeni yangu, na walikuwa wanaambia watu wao bila mimi kuwaomba mara ya pili.

Sasa mambo ya usiku, na hapa usijidanganye. Kampeni yote inafanyika kwa saa za watu wengine. Wazungu wa Ulaya wanajaa kuanzia saa tatu usiku yetu mpaka saa sita, hiyo unaweza. Wamarekani wanajaa kuanzia saa kumi alfajiri mpaka jua linatoka, na podikasti nyingi za mahojiano ya wagombea ni za huko. Nilikuwa naamka, nachemsha maji ya chai polepole nisiamshe watu wa nyumba, nafungua Discord, na nimeshachaji simu na pawabenki ya rauta kutoka jioni juu stima ya Nakuru haina ratiba. Fanya hivyo. Mahojiano ya mgombea aliyepotea katikati hayarudiwi, wanaenda kwa anayefuata, na watu elfu wanakukumbuka kama yule ambaye laini ilikatika. Omba maswali mapema, wengi watakupa. Na lafudhi yako usiiguse, ongea polepole tu, watu wanataka kujua kama unajua unachosema.

Kwa wale wananiuliza kama intaneti yetu inatosha kucheza, inatosha. Sava iko London, ile ya Uingereza sio huu mtaa wetu wa London hapa Nakuru chini ya Menengai, na mchezo wenyewe huhesabu mambo kwa sekunde moja moja, kwa hivyo ule ucheleweshaji unaoua mtu kwa michezo ya kupigana risasi, hapa haukuumizi sana. Vita ikiwa kubwa sava inapunguza mwendo wa kila mtu, ata mpaka ibaki asilimia 10, hapo tunakuwa sawa sisi wote.

Kabla hujaahidi mtu chochote, jua CSM ni nini. Haina nguvu ya kulazimisha. Ilizaliwa 2008 ikiwa na viti 9, baada ya kashfa ya mwaka uliotangulia ambapo mfanyakazi wa kampuni alipatikana amesaidia alayansi yake kwa vitu ambavyo hakustahili kuvitoa, wachezaji wakakosa imani na ikabidi wapate macho ndani. Viti vikaongezeka vikafika 14, alafu 2017 vikashushwa hadi 10. Kazi ni kusikia mipango ya kampuni kabla haijatoka na kusema ukweli, basi. Wanaweza kukusikiliza na wanaweza kukupita. Lakini usidharau. 2011 kampuni ilipoleta duka la mapambo ndani ya mchezo na miwani ya jicho moja iliyokuwa inauzwa zaidi ya dola 60, wachezaji walijaa Jita wakapiga risasi mnara siku nzima, na kampuni ikaita baraza mpaka Reykjavik kikao cha dharura, na kabla mwaka kuisha mkuu wa kampuni akaandika kuomba radhi. Hapo sauti ya baraza ilihesabika kwa sababu ilikuwa na watu nyuma yake. Kwa hivyo kwenye kampeni usiseme nitabadilisha, sema nitabeba hili na nitalirudia mpaka wanichoke, na umaanishe.

Ukiingia utasaini makubaliano ya siri, na kuanzia hapo kuna mambo utajua na hutaweza kumwambia ata mtu wa korporesheni yako. Waambie mapema, kabla ya kura, kwamba kuna siku watakuuliza kitu na utanyamaza. 2019 mjumbe mmoja alituhumiwa kutoa siri, akafukuzwa na akaunti ikafungwa hadharani, alafu baada ya uchunguzi ikapatikana hakufanya hivyo, wakamsafisha na kumwomba msamaha. Fikiria hizo wiki alipitia nini. Hifadhi mazungumzo yako yote, na biashara zako za ndani ya mchezo ziweke safi mtu asipate pa kushika.

Jambo la paspoti limeangusha watu kimya kimya. Wajumbe hupelekwa Iceland kukutana na kampuni, na Iceland iko ndani ya Schengen, Mkenya lazima viza. Ada tangu Juni 2024 ni yuro 90, lakini pesa sio shida kubwa, shida ni muda, foleni ya miadi, barua za benki, barua ya kazi. Kama huna paspoti ingia eCitizen mwezi huu, usingoje matokeo. Na ongea na boss wako ukiwa bado mgombea. Wangu mwanzoni alidhani naomba likizo ya kwenda kucheza gemu, nikamwonyesha jinsi kura zinavyohesabiwa na kazi ya baraza ilivyo, akaanza kuniuliza kuhusu wapinzani wangu kila Jumatatu.

Matokeo yakitoka na hujaingia, usifunge kompyuta kwa hasira. Soma raundi moja moja. Angalia fulani alipotolewa kura zako zilipanda ama zilibaki vile, hapo utajua nani watu wake walikuweka na nani alikuahidi tu mdomo. Wale waliokuweka waandikie siku hiyo hiyo, mmoja mmoja, sio ujumbe mmoja wa kutuma kwa wote, na uwaulize wangependa nani kati ya walioingia apelekewe lile jambo lao. Yule mtu wangu wa Australia nilimwandikia, tukachagua mjumbe mmoja wa kumpelekea malalamiko ya saa, tukayaandika pamoja na tukatuma.